Namna ya Kurudisha Ulichodhulumu: Toba ya Mkristo Mbele ya Jirani

Mtu huwa Mkristo kwa kumwamini Yesu Kristo, wala hakuna fedha wala sadaka inayoweza kumnunulia msamaha wa Mungu. Lakini imani hiyo ikishaingia nyumbani hugusa vitu vilivyomo: debe la kupimia, hati ya shamba, daftari la madeni. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, hakuambiwa alipe kwanza ndipo atembelewe. Bwana alijialika mwenyewe kwake, na baada ya kupokea ugeni huo ndipo yule tajiri aliposimama na kuahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya kwa hila (Luka 19:1–10). Neema ilitangulia, malipo yakafuata. Mwongozo huu ni wa Mkristo aliyekwisha kutubu mbele za Mungu, ambaye sasa anajiuliza afanyeje kuhusu mtu aliyemdhulumu.

Hapa Uganda jambo hili lina historia. Uamsho wa miaka ya 1930, uliowaka Gahini nchini Rwanda, ukafika Kabale mwaka 1935 na kuenea Afrika Mashariki, ulizaa Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, waliojulikana kwa kuungama waziwazi, kulipa madeni ya zamani na kurudisha walivyoiba. Naona sisi warithi wao tumeshika sana kuungama, tukalegea katika kurudisha.

Anza kwa kuandika. Chukua karatasi, omba, kisha andika jina la kila mtu, kitu ulichochukua, kiasi chake na mwaka, kwa kadiri unavyokumbuka. Usiandike "udanganyifu katika biashara", kwa kuwa maneno mapana hayamfikii mtu yeyote. Kama unauza maharage sokoni kwa debe ambalo kitako chake kiligongwa kwa nyundo kikaingia ndani, andika hivyo hivyo: kwamba kila mnunuzi amekwenda nyumbani na pungufu ya viganja kadhaa alivyolipia, na kwamba mama fulani wa hoteli amenunua kwako kila wiki kwa miaka mitatu. Debe lenyewe liondoe siku hiyo hiyo, kwa maana haiwezekani kulipa dhuluma ya jana huku ukiendelea kupima ya leo.

Kisha piga hesabu. Torati ilimwagiza mwenye kudhulumu arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:1–5), maana yake ni kwamba aliyechukua shilingi 500,000 angerudisha 600,000. Mkristo hafungwi na kiwango hicho kama sheria ya hukumu, lakini hekima yake bado inatufaa, kwa sababu aliyedhulumiwa alikosa fedha zake na pia kile ambacho zingemfanyia. Ikiwa miaka mingi imepita, usirudishe tarakimu ya zamani ukajiona umemaliza. Mbuzi hulipwa kwa mbuzi wa bei ya leo.

Nenda mwenyewe. Simu ya mkononi inaweza kupeleka fedha, lakini haiwezi kusimama mbele ya mtu kwa niaba yako, kwa hiyo tuma malipo baada ya mazungumzo, si badala yake. Sema kwa ufupi na usijitetee: "Mama, kwa miaka mitatu nimekupimia maharage kwa debe pungufu. Nilijua nilichokuwa nikifanya. Nimekuja kuomba msamaha na kukulipa. Hesabu niliyopiga ni hii, na kama unaona haitoshi, niambie." Ukianza kueleza ugumu wa ada za shule na kodi ya kibanda, utakuwa umemgeuza yeye kuwa wa kukuhurumia. Akikasirika, msikilize mpaka amalize. Msamaha ni wake kuutoa au kuuzuia, nawe utamlipa vyovyote vile.

Ardhi inahitaji uangalifu zaidi, kwani huku kwetu ndiyo inayogawanya ndugu hata ndani ya kanisa moja. Katika vijiji vingi vya Buganda mpaka huonyeshwa kwa mti ambao Waganda huuita oluwaanyi, nao ni mti mwepesi kung'olewa usiku na kupandwa hatua mbili ndani ya shamba la mjane. Biblia inamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake (Kumbukumbu la Torati 27:17). Aliyefanya hivyo asing'oe tena kimyakimya ili aurudishe. Awaite jirani, wazee wa pande zote mbili na mwenyekiti wa LC I (baraza la kijiji), akiri mbele yao, mti upandwe mchana mahali pake pa zamani, na maandishi yatiwe sahihi. Ikiwa ardhi ina hati, mpima ardhi aliyesajiliwa aitwe pia, la sivyo watoto wenu watarithi ugomvi uleule. Kila tarehe 3 Juni maelfu ya watu huenda Namugongo, wengine wakitembea kwa miguu siku nyingi, kuwakumbuka mashahidi wa imani waliouawa mwaka 1886. Ni hija njema. Lakini Yesu alisema kwamba anayekumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka hapo, aende kwanza akapatane naye (Mathayo 5:23–24), na mara nyingi ndugu huyo anakaa ng'ambo ya kijia tu.

Ikiwa uliyemdhulumu amefariki, walipe warithi wake. Hesabu 5:8 inataja jamaa wa karibu, na asipokuwapo, malipo yaende kwa kuhani. Wanunuzi usiowajua huwezi kuwatafuta mmoja mmoja, hivyo wape maskini kiasi hicho bila kukitangaza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2412, inadai mali iliyoibwa irudishwe kwa mwenyewe, na Mkatoliki anayeogopa kujulikana anaweza kuomba ushauri wa padre katika kitubio, ambako siri hailegezwi.

Asiye na fedha asikope kwa riba ili alipe, maana atazaa deni jingine. Akubaliane na mwenye haki kiasi cha kila mwezi, kiandikwe, naye afanye kazi.

Yapo pia maungamo yanayojeruhi. Ukiungama uzinzi kanisani, usimtaje mwenzako, kwa kuwa hana nafasi ya kujisemea. Mambo ya ndoa yapeleke kwanza kwa mchungaji mwenye busara. Ikiwa kosa ni la jinai, kama vile wizi wa fedha za mwajiri, zungumza na wakili kabla ya kwenda, ukijua kwamba msamaha wa mwajiri hauizuii mahakama na kwamba huenda ukapaswa kuikubali adhabu. Na ikiwa aliyeumizwa ni mtoto, wazee wa kanisa wasikubali kamwe jambo hilo limalizwe kwa mbuzi na sala: mtoto apelekwe hospitali mara moja, na polisi wajulishwe siku hiyo hiyo.