Linki nne, moja tu imejaa: ya kuzingatia kabla hujagusa swichi ya storeji

Simu huja saa mbili usiku, bekapu inapoanza. "Kaka, tumefunga linki nne za gigabiti 10 kwenda kwenye storeji, moja imejaa pomoni, tatu zimelala." Storeji ni mashine inayohifadhi data za seva, na linki ni nyaya za mtandao za kuifikia, hapa kila moja ya gigabiti 10 kwa sekunde. Kabla hujaagiza kifaa kingine kutoka Dar, kuna mambo ya kuangalia, na la kwanza ndilo zito.

Kufunga linki kwa LACP, yaani kuziunganisha ziwe fungu moja, hakukupi bomba moja la gigabiti 40. Fikiria soko la mahindi la Kibaigwa lina mageti manne, na mlinzi ameagizwa kupanga malori kwa namba ya mwisho ya kibao cha gari. Lori lilelile litapita geti lilelile kila siku, hata mengine yakiwa matupu. Swichi hufanya hivyo makusudi, ili pakiti (vipande vya data) za mazungumzo mamoja zisipitane njiani. Kwa hiyo kunakili faili moja kwa muunganisho mmoja hakutazidi gigabiti 10, hata ufunge linki nane. Hesabu kwanza ni seva ngapi zinaongea na storeji, na kwa anwani ngapi. Zikiwa mbili tu, usitarajie linki zote nne zijae.

Halafu uliza mlinzi, yaani swichi au seva, anatazama namba gani. Hapa ndipo muda wangu mwingi huishia. Seva ya Linux usipoielekeza hutumia kanuni ya layer2, yaani anwani za MAC, namba za utambulisho za kadi za mtandao. Kama kuna ruta kati ya seva na storeji, MAC ya upande wa pili ni ya ruta siku zote, basi mzigo wote unaingia geti moja. Ukiweka layer2+3, anwani za IP nazo zinahesabiwa. Layer3+4 hutumia IP pamoja na namba za poti, zinazotofautisha muunganisho mmoja na mwingine. Na IP zenyewe zinaweza kukuangusha. Ofisi moja hapa Mtumba seva zilipewa anwani zinazoishia 20, 24, 28 na 32, kwa kupenda unadhifu. Zote zinagawanyika kwa nne bila baki, na swichi ile ilikuwa inatazama biti mbili za mwisho (anwani ikiandikwa kwa 0 na 1), ambazo hapo ni 00 kwa zote. Tukazifanya 21, 26 na 31, ya 32 tukaiacha. Linki zote nne zikaamka.

Kumbuka kila upande huamua yanayotoka kwake. Seva ikirekebishwa na swichi ikaachwa, kuandika kutagawanyika, kusoma kutabaki palepale. Soma kaunta (hesabu za data kwa kila linki) za kutoka peke yake na za kuingia peke yake.

Kwenye seva fungua pia faili la /proc/net/bonding/bond0, linaloonyesha hali ya fungu. Aggregator ID isipofanana kwa linki zote, kuna linki haimo kwenye fungu kabisa, na kubadilisha kanuni ya mgao hakutaiokoa. Kwetu Dodoma, vumbi la kiangazi likiingia kwenye ncha za faiba, makosa hupanda kwenye kaunta. Zisafishe kabla ya kulaumu mpangilio.

Kama storeji ni ya iSCSI, ambayo seva huiona kama diski yake, ushauri wangu ni kufungua fungu lote: kila linki ipewe IP yake, kazi ya kugawa mzigo ifanywe na multipath, programu ya seva inayotumia njia kadhaa kufikia diski moja. Kwa NFS, njia ya kushiriki mafaili kwenye mtandao, Linux kuanzia toleo 5.3 ina chaguo la nconnect, inayofungua hadi miunganisho 16 kwenda seva moja. Ila bila layer3+4 haitagawanyika, kwa kuwa kinachotofautiana ni namba za poti peke yake. Balance-rr, namna nyingine ya kufunga linki, inavutia kwa sababu inagawa pakiti mojamoja, lakini zikifika zimepishana, TCP (kanuni inayosimamia muunganisho) inapunguza mwendo. Mimi siitumii kwenye storeji.

Usiku wa kazi, uwe na nakala ya mipangilio ya swichi, waya wa konsoli wa kuchomeka moja kwa moja kwenye swichi mkononi, maana SSH (kuiingia kupitia mtandao) inaweza kukatika, na bekapu ya jana iliyojaribiwa kurejeshwa. Mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) zizimwe au zihamishwe; storeji ikipotea kwa muda, diski za mashine hizo zinaweza kugoma kuandikwa. Badilisha upande mmoja, kisha rudia bekapu ileile na usome kaunta tena.