Kuitambua boti kuukuu ya matanga: aina yake, namba na mwaka

Boti kuukuu ya matanga ikikutwa chini ya turubai hapa Uganda, kule Entebbe, Kaazi au Jinja, mara nyingi haina karatasi hata moja. Wenyewe wa kwanza waliondoka zamani, wengine kwa haraka mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, na boti ikabaki ikipita mkono hadi mkono kwa maneno matupu. Anayeiuza atakwambia ni ya Uingereza, ya mwaka 1960. Huenda ni kweli, ila ushahidi uko kwenye bodi lenyewe (mwili wa boti), na rangi mpya huufuta. Basi usipige msasa wala usipake chochote kabla ya kumaliza kazi hii.

Beba tepu ya kupimia ya mita 5 au zaidi, tochi, brashi laini, karatasi nyembamba, penseli laini (2B inafaa), kioo kidogo chenye mpini na simu ya kupigia picha.

Anza na urefu. Pima kutoka ncha ya omo (sehemu ya mbele) hadi ubao wa shetri (sehemu ya nyuma), usukani ukiwa umetolewa. Pima kwa mstari ulionyooka juu ya bodi. Ukifuata mviringo wa ubavu utapata sentimita kadhaa za ziada na kuangukia aina isiyo yake.

Omo butu, kama lililokatwa kwa msumeno, linapunguza kazi sana. Urefu wa mita 2.30 ni Optimist, boti ya watoto iliyobuniwa Florida na Clark Mills mwaka 1947. Mita 3.30 ni Mirror ya Jack Holt na Barry Bucknell, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, yenye matanga mekundu na foromali (mti unaoshika tanga kwa juu) inayosimama karibu wima juu ya mlingoti mfupi. Mita 4.93 ni Fireball ya Peter Milne, 1962, na tanga lake lina duara jekundu.

Omo likiwa limechongoka, Enterprise (Holt, 1956) ni mita 4.04 na matanga yake ni ya buluu. Wayfarer (Ian Proctor, 1957) ni mita 4.82, na tangani kuna herufi W. Wengi hukwama kati ya GP14 na Laser, kwa sababu ya kwanza ni mita 4.27 na ya pili 4.23, na tepu iliyolegea inatosha kuzichanganya. Tazama mlingoti: wa Laser ni vipande viwili, hauna nyaya za kuushikilia, na tanga huvishwa juu yake kama soksi. GP14 (Holt, 1949) ina tanga la mbele, nyaya, na alama ya kengele kwenye tanga kuu.

Sasa namba. Namba ya tanga ndiyo wengi huikimbilia, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Tanga huchakaa kabla ya bodi. Likichanika, mtu huazima au hununua la boti nyingine na namba yake huja nalo. Iandike pembeni kama fununu. Herufi zilizo mbele ya namba zina msaada zaidi: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 boti ya Uingereza ilibeba K peke yake, baadaye GBR. Tanga lenye K pekee basi ni la zamani, ingawa bado hujajua kama ni la boti hiyo.

Namba ya kuaminika ni ile iliyochongwa au kupigwa kwenye bodi. Kwa boti za mbao, tafuta upande wa ndani wa ubao wa shetri, juu ya mkuku (mti wa chini unaopita katikati ya boti kwa urefu) karibu na kisanduku cha ubao wa katikati, yaani ubao unaoshushwa majini, na kwenye boriti iliyo karibu na mlingoti. Ondoa vumbi kwa brashi, kisha laza tochi kando kabisa, mwanga upite juu ya mbao kwa ulalo. Michongo iliyojaa tabaka tatu za rangi hutoa kivuli hapo hapo. Weka karatasi juu yake na upitishe penseli kwa ubavu bila kukandamiza. Fanya nakala mbili, kwa sababu 3 na 8 hufanana rangi ikishajaa, na 1 huonekana 7. Usikwangue kwa kisu. Plaiwudi ina ngozi nyembamba, na ukiivuka umeitoa namba pamoja na rangi.

Laser za zamani zina namba chini ya pete ya chuma iliyo omo. Za baadaye zina namba nyuma, kwenye shetri au kwenye kibati. Ukilazimika kufungua skrubu za pete, zirudishe na silikoni, la sivyo maji yataingia ndani ya bodi.

Boti ya faibagilasi iliyotengenezwa Marekani au kwa soko lake tangu Novemba 1972 ina herufi na tarakimu 12 upande wa kulia wa shetri, juu. Tatu za kwanza ni za kiwanda, tano zinazofuata ni za boti yenyewe, nne za mwisho ni tarehe. Ukikuta 0475, ni Aprili 1975. Ukikuta M75 na herufi, ni modeli ya 1975, na hapo A ni Agosti, si Januari. Tangu 1984 mwisho husomeka kama D485: D ni Aprili, 4 ni 1984, 85 ni modeli. Za Ulaya zilianza kulazimika kuwa na namba ya namna hiyo mwaka 1998, nayo hutanguliwa na herufi za nchi. Boti ya Uingereza ya mwaka 1965 haina kitu hicho, na kukosekana kwake si dalili ya wizi.

Kibati cha shirikisho la kimataifa la mchezo wa matanga, kikiwepo, husaidia kukadiria umri, maana jina lake limebadilika: IYRU ni kabla ya 1996, ISAF ni kati ya 1996 na 2015, na World Sailing ni baada ya hapo.

Kisha ingiza kioo na tochi ndani ya matangi ya hewa (vyumba vilivyofungwa vinavyoielesha boti), mahali ambapo brashi ya rangi haikufika. Plaiwudi ya baharini ya Kiingereza mara nyingi ina mhuri wa BS 1088, pengine na jina la kiwanda cha mbao. Kwenye Mirror angalia maungio: mbao zilishonwa kwa waya wa shaba kisha zikafunikwa utepe wa faibagilasi, na vichwa vya waya hubaki vikionekana. Mirror nyingi ziliuzwa kama vifurushi vya kujiungia nyumbani, kwa hiyo maungio ya ovyo hayamaanishi ni bandia. Ukikuta kipande cha mvule ndani ya boti ya Kiingereza, huenda ni kiraka cha fundi wa huku. Usikitumie kukadiria umri. Skrubu za shaba zenye mfuo mmoja huwa za mwanzo, za chuma cha pua zenye msalaba huwa za marekebisho.

Ukishapata aina na namba, iandikie jumuiya ya aina hiyo, yaani chama cha wamiliki, ambacho mara nyingi ndicho hutunza daftari la namba. Tuma urefu, upana, nakala ya penseli, picha ya boti nzima kutoka ubavuni, na picha ya kila alama. Uliza mambo matatu: namba ilitolewa lini, kwa nani, na kama cheti cha vipimo kipo. Majibu yasome kwa uangalifu: kwa aina nyingi namba hutolewa ada ya ubunifu (malipo ya aliyeichora boti) inapolipwa, na kifurushi kingeweza kukaa stooni miaka kadhaa kabla ya kuunganishwa. Mwaka wa namba na mwaka wa kushushwa majini ni vitu viwili.

Kwa yoti kubwa yenye chumba cha kulala, tafuta namba rasmi ya usajili iliyochongwa kwenye boriti kuu, kisha uliza maktaba za bahari kuhusu Lloyd's Register of Yachts, orodha ya yoti iliyochapishwa kuanzia 1878 hadi 1980. Huko boti hupangwa kwa jina, kwa hiyo kwangua taratibu rangi ya shetri, tabaka moja moja, ukipiga picha kila hatua. Jina la kwanza huwa chini kabisa.

Hapa nyumbani, uliza klabu za matanga kama wana madaftari ya mashindano ya zamani. Ndani yake namba ya tanga huandikwa kando ya jina la nahodha, na mfululizo wa misimu huonyesha boti ilipobadilisha mikono. Namba ya usajili wa Uganda iliyopakwa ubavuni itakusaidia kumpata mwenye boti wa sasa, basi. Haisemi lolote kuhusu kiwanda wala mwaka.