Daftari la tumbo la kuendesha: lianze kabla ya masika

Jamani mvua hizo zinakuja na visima vyetu vingi viko wazi, ikipiga moja kubwa tu maji ya chooni na ya kisimani yashakutana. Kipindupindu kimerikodiwa Zanzibar tokea 1978, na 2016 tumeona wenyewe mpaka skuli zikafungwa, kwa hiyo msingojee gari ya afya ipite na spika.

Chukua daftari la skuli la kuandikia kila anayeendesha, piga mistari: tarehe, nyumba, umri, anachota maji wapi. Majina si lazima, watu wanaona haya. Ila hiyo ya maji usiiache, sisi huku Pemba mwanzo tulikuwa hatuiandiki, tunaona nyumba tatu zimetupana mbali tunasema bahati mbaya, kumbe zote zinachota kisima kimoja, tena kile tunachokisifu maji yake matamu.

Ukifika mlangoni usiulize "mna kipindupindu?", utaambiwa hamna na mlango utafungwa. Piga hodi, shikamoo bibi, za hapa, halafu "kuna mtu tumbo linamuendesha?" Uliza tokea lini, mara ngapi, choo kikoje. Ukiambiwa kama maji ya kuoshea mchele, hata akiwa mmoja tu, mpigie sheha (mkuu wa shehia yenu) na kituo cha afya saa ile ile, usiku usiku. Uliza pia siku tano za nyuma kala wapi, kaenda harusi gani, maana vijidudu vinachukua masaa machache mpaka siku tano kumuangusha mtu.

Mgonjwa anywe ORS (ile dawa ya unga ya pakiti ya kurudisha maji mwilini) huku mnatafuta gari. Kama hamna, lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote vya kufuta visiwe vya mlima (chumvi ikizidi unamdhuru). Imwage ikipita siku moja. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Wengine wachemshe maji au watie dawa ya maji kama pakiti ilivyoandikwa. Dawa ya kisima mwachieni bwana afya, msijimwagie tu.

Sasa hili gumu. Akifariki mtu, msimuoshe mpaka bwana afya afike awaelekeze, na pilau ya hitima isimame kwanza. Mtanuniwa. Mwendeeni imamu mapema, yeye akisema watu wanasikia.

Na daftari msilifunge mpaka zipite wiki nne bila ya mgonjwa.