Kutengeneza stika kutoka video ya mkutano wa siasa

Mheshimiwa amejikwaa ulimi jukwaani pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na magrupu ya WhatsApp ya Arusha yameshachangamka. Kabla hujakata chochote, tafuta video nzima. Klipu ya sekunde nne huficha alichoulizwa, na utani ukigeuka uzushi una bei: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Simamisha video, isogeze polepole mpaka mdomo uwe katikati ya tendo. Ed Miliband, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza, alinaswa hivyohivyo London mwaka 2014, akiuma sandwichi ya bekoni.

Ondoa mandhari, bakiza kichwa na mabega. Akionekana mtoto au mama muuza ndizi nyuma yake, mfute kabisa, hakugombea chochote. Stika iwe pikseli 512 kwa 512, isiyozidi kilobaiti 100, la sivyo programu itaikataa. Inayocheza huruhusiwa kilobaiti 500.

Maneno matatu yanatosha, herufi nyeupe zenye ukingo mweusi. Asichokisema, usimwandikie kana kwamba amekisema.