Somo: Kubadilisha tyuni ya gitaa la umeme kwa pedali, bila kugusa vigingi

Wimbo wa kwanza unapigwa kwenye tyuni ya kawaida. Wa pili umeshushwa nusu toni kwa sababu mwimbaji hafiki juu. Wa tatu unataka uzi mnene, yaani wa 6, ulegezwe hadi D (tyuni iitwayo drop D). Kwa miaka mingi nilikuwa nakaza na kulegeza nyuzi jukwaani huku wenzangu wakinisubiri, na uzi uliolegezwa ghafla hautulii: unautyuni vizuri, kisha unahama wenyewe katikati ya ubeti. Siku hizi kazi hiyo naiachia mashine: pedali, yaani kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye amplifaya.

Kabla ya yote: unahamisha nyuzi zote, au uzi mmoja?

Hapa ndipo watu wengi wanaponunua kifaa kisichowafaa. Pedali ya kushusha noti, mfano DigiTech Drop, inapokea sauti ya nyuzi sita ikiwa imeshachanganyika ndani ya kebo moja. Haiwezi kuutenga uzi wa 6 na wa 5. Inazishusha zote kwa kiasi kilekile. Itakutoa E hadi E♭, D au C bila shida. Drop D haikupi, kwa sababu hapo uzi wa 6 peke yake ndio unaoshuka, kutoka herzi 82.4 hadi 73.4. Open G (tyuni ambayo nyuzi tupu zikipigwa pamoja zinatoa mlio wa G) nayo haikupi, maana inashusha nyuzi za 6, 5 na 1 tu.

Kwa tyuni za namna hiyo lazima kila uzi usomwe na pikapu yake (kihisio kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme). Roland walitoa mashine ya VG-8 mwaka 1995 kwa njia hii, Line 6 wakaweka vihisio vya kila uzi kwenye daraja la gitaa lao la Variax, na Boss SY-1000 inafanya kazi hiyo leo.

Hatua ya 1. Tyuni gitaa sawasawa, kisha linganisha noti ya freti ya 12 na ya uzi mtupu kwenye kila uzi. Mashine hairekebishi kosa, inalihamisha. Uzi uliozidi kwa senti 10 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni) utabaki umezidi kwa senti 10 popote utakapopelekwa.

Hatua ya 2. Kebo ya gitaa iingie kwenye tyuna, kutoka tyuna iingie kwenye pedali ya kushusha, ndipo zifuate distoshoni (pedali ya kuipa sauti mkwaruzo) na nyinginezo. Usibadilishe mpangilio huu. Distoshoni inaongeza mawimbi mengi juu ya noti uliyopiga, na mashine ikipokea fujo hiyo inatoa kodi (noti kadhaa kwa pamoja) zenye mikwaruzo isiyotakiwa. Tyuna inatangulia ili isome nyuzi zenyewe.

Hatua ya 3. Anza na nusu toni moja au mbili. Kadiri unavyoshuka zaidi, mlio wa pleki ikigonga uzi unapoteza makali na sauti inakuwa nzito kama imefunikwa. Ongeza trebo kidogo kwenye amplifaya.

Hatua ya 4. Sikiliza uchelewaji. Hauepukiki kabisa: wimbi moja la uzi wa 6 ulio mtupu linachukua milisekunde 12 hivi, na mashine inahitaji kusikia sehemu ya kutosha ya wimbi ndipo ijue cha kufanya. Lakini kumbuka kwamba sauti hewani inachukua takriban milisekunde 10 kusafiri mita 3 na nusu, kwa hiyo ukisogelea amplifaya yako unafidia sehemu ya uchelewaji huo. Mimi hupiga rithimu ya haraka kwa dakika tano kabla ya kuamua kama nitaitumia kwenye wimbo.

Hatua ya 5, kwa wenye pikapu ya nyuzi sita. Pikapu ya sumaku ikae karibu na daraja, na ukibonyeza freti ya mwisho ibaki nafasi ya milimita 1 hivi chini ya uzi. Weka kiwango cha usikivu cha kila uzi kwa kuupiga kwa nguvu uliyozoea. Kisha weka uzi wa 6 kwenye −2 (nusu toni mbili chini), nyingine 0: hiyo ndiyo drop D. Zima sauti ya pikapu za kawaida, la sivyo utasikia E na D pamoja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina pedali ya kawaida tu. Drop C naipataje?*
Legeza uzi wa 6 hadi D kwa mkono, kisha shusha pedali nusu toni mbili. Drop C ni drop D iliyoshuka toni nzima.

*Nikifanya mazoezi chumbani nasikia kama gitaa mbili zinapishana. Pedali ni mbovu?*
Hapana, ndugu. Nyuzi zenyewe bado ziko kwenye E na sikio lako linazisikia hewani. Vaa hedifoni zinazofunika masikio, au ongeza sauti ya amplifaya.

*Nikisimama mbele ya spika, noti haishikilii ikaendelea kulia kama zamani. Kwa nini?*
Spika inatoa D, uzi unatikisika kwa E, kwa hiyo sauti haiusukumi uzi kwenye noti yake. Ikiwa solo yako inategemea mlio huo, zima pedali au beba gitaa la pili. Kwa hili sijapata njia nyingine ninayoiamini.

*Pikapu ya sumaku itafanya kazi kwenye gitaa langu la nyuzi za nailoni?*
Haitafanya, sumaku haihisi nailoni. Tafuta daraja lenye vihisio vya mgandamizo, kimoja kwa kila uzi.

*Na besi je?*
Inawezekana, ila uzi wa E wa besi ni herzi 41, wimbi lake ni refu mara mbili ya lile la gitaa. Jaribu kwanza na mpiga ngoma wenu akiwapo, mpige wimbo mzima.