Kuteleza Mawimbini Weligama

Ghuba ya Weligama, kusini mwa Sri Lanka, ina sakafu ya mchanga na mawimbi mapole, hasa Novemba hadi Aprili. Kama ndiyo unaanza, kodi ubao laini wa futi 8 au 9 (mfupi utakutesa bure), funga kamba yake kwenye kifundo cha mguu wa nyuma (utakaokaa nyuma ukisimama ubaoni), ubaki maji ya kiunoni.

Povu la wimbi likikaribia, lala kifudifudi ubaoni, piga maji kwa mikono; ubao ukishasukumwa ndipo usimame, magoti yamekunjwa, macho ufukweni. Pua ya ubao ikizama, umelala mbele mno. Wimbi likikupita, umelala nyuma mno. Usiweke ubao kati yako na wimbi: utakuvunja meno.

Waliobobea huenda kijiji jirani cha Midigama, penye miamba.