SOMO: Rediata ya moto chini, baridi juu? Toa hewa hivi

Wakuu poleni na baridi. Sisi tulio Uingereza na hizi boila za gesi, msimu huu rediata (yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto kupasha chumba) zinaanza kunguruma kama tumbo lenye njaa, boila inawaka fresh tu lakini chumba hakipati joto. Kabla hujashika kitu pitisha mkono kwenye rediata, hewa inakaa juu siku zote, kwa hiyo juu pakiwa baridi na chini moto hiyo ni hewa, ila chini katikati ndo pakiwa baridi hayo ni matope ya kutu, utatoa hewa mpaka uchoke.

1. Zima hitingi (huo mfumo wa kupasha joto), acha ipoe kabisa. Maji ya mle yanaunguza.

2. Tafuta ufunguo wa rediata, maduka ya vifaa vya ujenzi wanauza bei chee. Valvu ndogo iko juu pembeni, weka kitambaa na kikombe. Anza na za chini ndo upande ghorofani.

3. Zungusha kushoto robo mzunguko tu, utasikia ssss. Hicho kiskrubu cha valvu usikifungue chote maana kikichomoka utalowanisha kapeti. Maji yakianza kutoka mfululizo bana, bila kutumia nguvu.

4. Hapa wengi wanachemka: hewa ikitoka presha inashuka. Cheki geji, boila ikiwa baridi inatakiwa bar 1 mpaka 1.5. Ikiwa chini ya hapo fungua taratibu valvu za ule mpira wa waya uliosukwa, ndo unaoongeza maji, mara nyingi uko chini ya boila, ikifika 1.5 funga. Ukiisahau wazi inapanda mpaka 3 na valvu ya usalama inaanza kumwaga maji nje.

Swali: Yangu haina geji, kuna katangi darini?
Jibu: Hiyo inajijaza yenyewe. Angalia tu tangi lina maji na boya halijakwama.

Swali: Nimetoa lakini hewa inarudi kila mara, maji meusi tii.
Jibu: Kutu hiyo dada, inazalisha gesi ya hidrojeni humo ndani so usisogeze kiberiti. Mabomba yasafishwe halafu iwekwe dawa ya kuzuia kutu. Presha nayo ikiwa inashuka tafuta panapovuja.

Swali: Mi mpangaji, nalipa mimi?
Jibu: Kutoa hewa fanya tu mwenyewe, ila matengenezo ni ya mwenye nyumba, kwa England iko kwenye sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 kifungu cha 11 (Wales nayo ilikuwa humo mpaka 2022), mwandikie ubaki na ushahidi. Boila yenyewe usiifungue, ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi wa gesi), na muombe kadi yake kabla hajagusa kitu.